Kant na taashira ya wema: je, mwenye ladha nzuri ndiye mwenye maadili mema?

Kalamu_Kavu

Wakuu, salaam. Naandika insha kuhusu hukumu za maadili na hukumu za ladha (yaani za uzuri), kuanzia kwa Hume, mwanafalsafa wa Uskoti, hadi kwa Kant, mwanafalsafa Mjerumani. Kwa Hume naona njia: zote mbili zinatoka kwenye hisia. Kwa Kant nakwama. Mwaka 1785, katika Misingi ya Metafizikia ya Maadili, anasema maadili yanatoka kwenye akili, hisia hazina mamlaka. Mwaka 1790, katika Uhakiki wa Uamuzi, anasema hukumu ya uzuri inatokana na hisia, lakini inadai kila mtu akubali. Halafu kifungu cha 59 anasema uzuri ni taashira (ishara inayowakilisha) ya wema wa kimaadili.

Rasimu yangu ina sentensi hii: "Kwa Kant, mwenye ladha nzuri ndiye mwenye maadili mema." Inasimama? Na kama haisimami, tofauti ya hukumu hizi mbili niionyeshe wapi hasa, maana zote zinataka watu wote wakubali?

Fundi_Dhana

Haisimami, ifute. Tena Kant mwenyewe anaikanusha, nitamwachia mwingine kifungu cha 42.

Anza na kifungu cha 5, maana ndipo wengi wetu tunapoteleza kwa sababu ya lugha. Kant anatenganisha vitu vitatu: kinachoburudisha hisi, kilicho kizuri, na kilicho chema. Kiswahili kinatutega hapa. Tunasema "chakula kizuri", "picha nzuri", "tabia nzuri", neno moja kwa mambo yote matatu. Katika insha yako weka kanuni tangu ukurasa wa kwanza: "-zuri" ni ya ladha tu, "-ema" ni ya maadili tu, na kile cha ulimi na pua kiite "kinachoburudisha". Usipofanya hivyo utajikuta unathibitisha kwamba uzuri na wema ni kitu kimoja kwa sababu tu umeviita jina moja.

Mfano wa kutumia ni kasri la kifungu cha 2. Mtu anaulizwa: je, kasri hili ni zuri? Anaweza kujibu kwamba hapendi vitu vilivyojengwa ili watu wavikodolee macho. Anaweza kujibu kama yule mkuu wa Wairoki (wenyeji wa Amerika Kaskazini) ambaye katika Paris nzima hakupenda kitu kuliko vibanda vya chakula. Anaweza kuwalaani wakubwa wanaofuja jasho la watu kwa mambo ya anasa, kwa mtindo wa Rousseau, mwanafalsafa aliyelaumu anasa. Kant anasema: yote hayo nayakubali, ila hakuna lililojibu swali. Nililouliza ni kama kule kukitazama tu kitu hiki, bila kujali kama kipo au hakipo, kunanipendeza.

Angalia jibu la tatu. Hiyo ni hukumu ya maadili, na pengine ni ya kweli kabisa. Kasri moja, hukumu mbili, na hazigongani. Ya maadili inahusu kuwepo kwa kitu: kasri hili lisingepaswa kujengwa kwa jasho hilo. Ya ladha haiulizi kuwepo. Hiyo ndiyo maana ya "bila maslahi". Watu hudhani maana yake ni kutojali au kukosa upendeleo, kama refa. Sivyo. Maslahi kwa Kant ni furaha inayofungamana na kuwepo kwa kitu. Na hapa kuna jambo linalosahaulika: wema pia una maslahi kwa maana hii.

Sasa madai ya "watu wote". Hapa tofauti iko kwenye njia ya kulifikia dai. Chukua ahadi ya uongo ya mwaka 1785: nakopa fedha nikiahidi kulipa, na najua sitalipa. Unaiandika kanuni yako, unaifanya sheria ya kila mtu, unatazama kinachotokea: hakuna atakayeamini ahadi yoyote, kwa hiyo ahadi yenyewe inakufa, na mkopo wangu nao haupatikani. Hatua tatu, na mtu mwingine anaweza kuzifuata nyuma yako akazikagua moja moja. Kwa ladha hakuna hatua hizo. Kifungu cha 33: mtu ananisomea shairi lisilonipendeza, ananitajia Batteux na Lessing na kanuni zote za wahakiki, nitaziba masikio. Sauti mia za sifa hazinilazimishi nione uzuri. Hakuna dhana ya kuanzia, kwa hiyo hakuna uthibitisho.

Ila dai linabaki. Nikisema divai hii "inaniburudisha mimi", nimemaliza (kifungu cha 7). Nikisema shairi ni zuri kisha nikaongeza "kwangu mimi", nimechekesha.

Bundi_Msomi

Naendelea alipoishia Fundi. Kifungu cha 59 husomwa nusu nusu, na nusu inayosomwa ni ile tamu.

Kwanza neno "taashira". Kant ana maana finyu. Mfano wake: dola ya kidikteta anailinganisha na kinu cha kusagia kwa mkono, na dola inayotawaliwa kwa sheria zake za ndani anailinganisha na mwili wenye uhai. Kinu na dola havifanani hata kidogo. Kinachofanana ni namna tunavyofikiri juu yake: vyote viwili vinaendeshwa na nguvu moja kutoka nje. Kwa hiyo taashira hapa ni ulinganifu wa namna ya kufikiri. Haisemi kwamba kimoja ni sehemu ya kingine, wala kwamba kimoja kinazaa kingine. Anayeandika "uzuri ni taashira ya wema, hivyo uzuri hutufanya wema" ni sawa na kusema kinu cha mkono husababisha udikteta.

Pili, Kant anataja mambo manne yanayolingana, na katika kila moja anaweka tofauti papo hapo. Uzuri hupendeza moja kwa moja. Wema pia, lakini kupitia dhana. Uzuri hupendeza bila maslahi yoyote. Wema una maslahi, ila hayatangulii hukumu, hukumu ndiyo inayoyazaa. Katika uzuri, uwezo wa kujenga taswira uko huru na bado unapatana na utaratibu wa ufahamu. Katika maadili ni utashi ulio huru unaopatana na nafsi yake kwa sheria ya akili. Mwisho, vyote viwili ni vya watu wote, lakini vya maadili hujulikana kwa dhana ya jumla na vya ladha havijulikani hivyo. Ukinukuu sehemu ya kwanza ya kila sentensi bila ya pili umemgeuza Kant kuwa mtu mwingine. La tatu ndilo zito, nalo lipe nafasi. Mengine matatu unaweza kuyapita kwa sentensi mbili.

Kinachovutia ni ushahidi wake wa lugha ya kila siku. Anasema tunayaita majengo na miti yenye adhama, mashamba tunasema yanacheka, rangi tunaziita safi zisizo na hatia, nyenyekevu, pole. Ni maneno ya tabia za watu tunayoyapa vitu. Si hoja kamili, lakini inaonyesha akili inavyovuka kutoka upande mmoja hadi mwingine bila kuruka shimo.

Kuhusu sentensi yako: kifungu cha 42 kinasema wajuzi wa sanaa mara nyingi, pengine kwa kawaida, ni watu wa majivuno, wakaidi, waliojitoa kwa tamaa zinazoangamiza. Hapo hapo anasema kuvutiwa na uzuri wa maumbile daima ni alama ya roho njema. Tofauti hiyo ni ya lazima. Ana mfano wa mwenye nyumba ya wageni ambaye hakuwa na kinega wa kuwaimbia wageni usiku, akamficha kijana mtundu kichakani na filimbi ya tete. Mlio ni uleule. Wageni wakigundua, hakuna anayetaka kusikiliza tena. Kilichopotea si uzuri wa sauti. Ni ile hamu yetu kwamba maumbile yenyewe ndiyo yamefanya hivi. Yaani mwenye maadili hafurahii umbo tu, anafurahi pia kwamba lipo. Hapo maslahi yanarudi, lakini baada ya hukumu ya ladha, si ndani yake. (Neno "kinega" ni la karibu tu, ndege mwenyewe ni wa Ulaya, jina lake la Kijerumani ni Nachtigall.)

Mzani

Mmemtupa Hume haraka mno. "Zote zinatoka kwenye hisia" ni kweli nusu. Katika kitabu chake cha 1751 kuhusu misingi ya maadili anasema kuna uzuri unaotupata papo kwa papo, na kuna uzuri, hasa wa sanaa bora, unaohitaji kufikiri sana kabla hisia sahihi haijaja: kutofautisha, kulinganisha, kuthibitisha ukweli wa mambo. Uzuri wa maadili anauweka kwenye kundi hilo la pili. Kwa hiyo akili inaandaa meza, hisia ndiyo inayohukumu. Anayesema kwa Hume maadili ni "navyojisikia tu" hajamsoma.

Insha ya 1757 kuhusu kipimo cha ladha ina ndugu wawili wa Sancho, mtumishi wa Don Quixote, hadithi iliyochukuliwa kwa Cervantes, mwandishi wa Uhispania. Wanaonja divai. Mmoja anasema nzuri, ila ina ladha ya ngozi. Mwingine anasema nzuri, ila ina ladha ya chuma. Wanachekwa. Pipa linamwagwa, chini unakutwa ufunguo mkuukuu uliofungwa kamba ya ngozi. Watu hupenda hadithi hii na kuitumia vibaya. Ufunguo unathibitisha kwamba ulimi wao ni mwepesi wa kugundua. Hauthibitishi kwamba divai ni nzuri. Na shairi halina pipa la kumwaga. Ndiyo maana Hume anahitaji sifa tano za mhakiki: akili timamu, hisia nyepesi, mazoezi, ulinganishaji, na kutokuwa na chuki au upendeleo. Ukiishia hapo utakutana na duara: kazi bora ni zile wanazozipenda wahakiki bora, na wahakiki bora ni wale wanaopenda kazi bora. Njia ya kutoka ni kuonyesha kwamba sifa tano zinaweza kupimwa bila kutaja kazi ipi ni bora. Mazoezi yanapimika. Upendeleo unagundulika. Nyongeza yake ni muda: Homer, mshairi wa Kigiriki, aliyependeza Athens na Roma miaka elfu mbili kabla bado alisifiwa Paris na London.

Halafu mwisho wa insha ndiyo sehemu unayoihitaji wewe. Hume anakubali tofauti zisizoamulika. Kati ya waandishi wa Roma ya kale, kijana wa miaka 20 atampenda Ovid, mtu wa 40 Horace, wa 50 Tacitus, na hakuna wa kulaumiwa. Makosa ya kinadharia katika kazi za zamani anayasamehe pia. Ila mshairi akieleza tabia mbovu bila kuipa alama ya lawama inayostahili, hilo ni kasoro ya kweli katika shairi lenyewe. Sababu anayotoa: mawazo ya kinadharia tunaweza kuyavaa kwa muda, lakini kubadili hukumu ya maadili tuliyoizoea kunahitaji nguvu kubwa mno. Kwa hiyo, ndugu Kalamu, kwa Hume maadili yanaingia ndani ya ladha. Kwa Kant yanasubiri mlangoni.

Fundi_Dhana

"Yanasubiri mlangoni" naipinga kidogo, Mzani. Kifungu cha 16 kinatenganisha uzuri huru, kama maua, na uzuri uliofungamana na dhana ya kile kitu kinavyopaswa kuwa, kama jengo, farasi au mwanadamu. Kwa mwanadamu, maadili yana haki ya kuweka mipaka: michoro ya usoni ya Wamaori (wenyeji wa New Zealand) Kant anaona ingependeza isingekuwa juu ya uso wa mtu. (Mfano wenyewe umejaa ubaguzi wa zama zake, utaje kwa tahadhari.) Kwa maua uko sahihi. Kwa mtu, maadili yamekwisha ingia sebuleni.

Kalamu_Kavu

Nashukuru sana. Basi je, niandike hivi: "Kwa Kant, kulea ladha kunaandaa njia ya maadili"? Nimeona hoja hiyo sehemu nyingi.

Bundi_Msomi

Hiyo ni ya Schiller, mshairi Mjerumani aliyemfuata Kant. Katika barua zake za 1795 kuhusu malezi ya kiujumi (yaani malezi kwa njia ya uzuri) anasema ni kupitia uzuri ndipo mtu anafika kwenye uhuru. Watu humsoma Schiller kisha wakamwekea Kant maneno yake mdomoni, na kosa linaenea kwa kunakiliwa.

Nenda kifungu cha 60, aya ya mwisho. Kant anasema maandalizi ya kweli ya kuweka msingi wa ladha ni kukuza mawazo ya maadili na kulea hisia ya maadili. Njia inaanzia kwenye maadili kwenda kwenye ladha. Ni kweli pia, mwishoni mwa kifungu cha 59, anasema ladha hurahisisha kuvuka kutoka mvuto wa hisi hadi mazoea ya maslahi ya maadili bila kuruka kwa nguvu sana. Kurahisisha kuvuka, basi. Sheria ya maadili haihitaji daraja hilo ili iwe halali. Mtu asiye na ladha hata chembe bado anadaiwa ahadi yake.

Andika: "Kwa Kant, hukumu ya uzuri inafanana kwa umbo na hukumu ya maadili, haitoi msingi wake, na ladha hukomaa palipo na hisia ya maadili." Nukuu vifungu vya 42, 59 na 60 pamoja, usiviachanishe.

Mzani

Na ukifika karne ya 19 usimwache Nietzsche, mwanafalsafa Mjerumani. Mwaka 1887, insha ya tatu ya kitabu chake cha nasaba ya maadili, kifungu cha 6, anamshika Kant kwenye "bila maslahi" na kumpiga kwa Stendhal, mwandishi Mfaransa, aliyesema uzuri ni ahadi ya furaha. Lawama yake ni kwamba Kant aliuangalia uzuri kwa jicho la mtazamaji, hakumuuliza msanii. Ukiitumia, rudi kwanza kwenye maelezo ya Fundi kuhusu maslahi, maana kama unachukua "bila maslahi" kuwa ni "bila furaha", pigo la Nietzsche litaonekana limeua wakati limekwaruza tu.