Spika ipi kwa gitaa la solo?

Solo wa Jumamosi: Wakuu, karatasi ya spika yangu imechanika juzi katikati ya sebene. Amplifaya ni ya valvu (zile taa za kioo za kukuza sauti), wati 40, spika moja ya inchi 12, omu 8 (kipimo cha ukinzani wa umeme). Nimepata Celestion Vintage 30 na Jensen C12N. Nataka kila noti isikike juu ya tarumbeta. Nichukue ipi?

Fundi Ilala: Jensen, mdogo wangu. Vintage 30 inasukuma sana sauti za kati kwenda juu. Kwa roki yenye mkwaruzo ni tamu, lakini kwa sebene inachoma. Niliifunga miezi minne, nyuzi mbili nyembamba zikawa kama misumari. Jensen inang'aa tu. Hakikisha ni ya omu 8 kama ile ya zamani, amplifaya ya valvu haitaki kubahatishiwa.

Besi Nzito: Na Greenback, ile spika nyingine ya Celestion?

Fundi Ilala: Ile ni ya wati 25. Peke yake kwenye amplifaya ya 40 utaiunguza. Jensen inabeba 50.

Solo wa Jumamosi: Nimefunga Jensen leo, kaka. Sauti bado ngumu kidogo, ila uzi wa kwanza unasikika mpaka getini. Asante sana.

Fundi Ilala: Ipige wiki kadhaa, italainika.