Kwa nini jina la Athene liko katika wingi kwa Kigiriki?

Swali
Ninajifunza Kigiriki cha kale kwa kusoma Agano Jipya. Katika Matendo ya Mitume 17:16, pale Biblia yetu inaposema Paulo aliwangojea wenzake Athene, nimekuta *en tais Athēnais*, maneno yaliyo katika wingi. Mji ni mmoja, sasa wingi huu umetoka wapi? Na je, mji ulipewa jina la mungu wa kike Athena, au yeye ndiye aliyepewa jina la mji?

Jibu la kwanza
Ndugu, *Athēnai* ni nomino ya kike ya wingi, sawa na *Thēbai* na *Mykēnai*, miji mingine ya Ugiriki ya kale. Wengi husema wingi huo unatokana na vijiji vilivyounganishwa kuwa mji mmoja. Maelezo hayo yanavutia, ila mimi nayapokea kwa tahadhari, kwa kuwa katika Odyssey, utenzi wa kale wa Homer (7.80), mji huo huo unaitwa *Athēnē*, kwa umoja, jina lisilotofautiana hata kidogo na la mungu mwenyewe katika utenzi huo. Kuhusu asili, kiishio *-ēn-* kinaonekana kuwa cha lugha iliyokuwapo kabla ya Kigiriki, na wataalamu wengi huona kwamba mungu ndiye aliyechukua jina la mahali. Kibao cha udongo cha Knossos, huko Krete, kinamtaja *a-ta-na-po-ti-ni-ja*, yaani Bibi wa Atana.

Jibu la pili
Naomba nimrekebishe kidogo mwenzangu: mwandiko wa vibao vya aina hiyo hauonyeshi *s* ya mwisho wa neno, ambayo hapa ndiyo ingeonyesha "wa", kwa hiyo maneno hayo yanaweza kusomwa "Bibi wa Atana" (mahali) au "Bibi Atana" (mungu mwenyewe), na kibao peke yake hakiamui.

Wingi wenyewe unaonekana vizuri katika *Athēnaze*, "kwenda Athene", ambayo ni *Athēnas*, umbo la wingi, pamoja na *-de* ya kuelekea. Sisi tunasema "mjini" lakini hatusemi "Mombasani". Wagiriki waliambatanisha viishio vya mahali na jina lenyewe la mji. Mitungi ya mafuta ya zeituni waliyopewa washindi wa michezo ya Panathenaia, sikukuu ya Athene ya kumheshimu Athena, iliandikwa *tōn Athēnēthen athlōn*, "miongoni mwa zawadi za kutoka Athene".

Muuliza swali
Nashukuru sana. Je, wingi huo ungalipo hadi leo?

Jibu la pili
Katika mazungumzo ya kawaida, hapana: husemwa *Athina*, kwa umoja. *Athinai* ilidumu katika lugha rasmi, iliyoiga ya kale, hadi Kigiriki cha watu kilipochukua nafasi yake mwaka 1976.