Sangari na motomoto zinamaliza malisho: wafugaji wa Nyanda za Juu Kusini tupeane uzoefu

Kamwene wakuu. Niko Mafinga, nina ng'ombe wanne wa maziwa na eka mbili za nyasi za malisho za Rhodes. Miaka mitatu shamba lilikuwa safi, sasa hivi nusu yake ni sangari tupu, lile gugu linalotambaa kwa mizizi chini ya udongo. Kosa nalijua, kiangazi cha mwaka juzi kilibana nikawaacha ng'ombe wale mpaka udongo ukaonekana, mvua za Desemba zilivyoanza nikaita pawatila, yaani trekta ndogo ya magurudumu mawili, ipige nipande upya, kumbe ile mashine inakatakata mizizi na kila kipande chenye pingili kinachipua, palipokuwa na shina moja yakatoka kumi. Naomba waliopambana nayo waseme walifanyaje na wamefika wapi. Ya kwako mwenyewe, sio ya kusikia.

Wa Uyole
Pole sana kaka, mimi yalinikuta hayohayo. Nilichofanya nilisubiri Agosti udongo umekauka, tukaingia na mama watoto kwa jembe la meno matatu, lile la bapa tuliliacha nyumbani maana linakata. Unachoma chini, unanyanyua bonge, unalikung'uta, unavuta mzizi taratibu utoke mzima. Kuna mmoja niliuvuta ukazidi urefu wa mkono wangu na bado ukakatikia ndani. Tulianika juu ya mabati siku kadhaa mpaka ikawa inavunjika kama njiti, ndio tukachoma moto. Usiitupe kwenye shimo la samadi ikiwa mbichi, utairudisha shambani kwa mkono wako. Mvua ziliponyesha nikawa napita kila baada ya wiki mbili nang'oa vichipukizi. Msimu ule sikupanda malisho kabisa, nilipiga maharage ili nipate sababu ya kupalilia. Robo eka ilitumaliza mgongo ila mpaka leo ni safi.

Mama wa Tukuyu
Huku kwetu shida ni motomoto, yale majani marefu yenye mizizi ya ncha kali. Wazee walikuwa wanachoma kila kiangazi ili ng'ombe wapate majani machanga, maana likikomaa jani lake linakata ulimi na ng'ombe hawaligusi. Nami nilirithi kiberiti nikachoma miaka mingi. Siku moja nikafukua palepale nilipochoma wiki iliyopita, majivu juu, chini mizizi myeupe imekaza, ncha kali kama sindano, ni ile tuliyokuwa tunatafuna utotoni ina utamu kidogo. Moto haukuigusa hata! Wenzake wote wameungua yeye kabaki na shamba lake. Sasa kitu kinachomshinda huyu ni kivuli. Nilifyeka karibu na ardhi nikapanda nyasi ndefu za malisho za gwatemala kwa kubananisha, nikawa nafyeka motomoto kila anapoinua kichwa, gwatemala ilipofunga majani akaanza kudhoofika mwenyewe. Msikate gwatemala mpaka chini jamani, mkimpa jua tu anarudi.

Njombe mjini
Mimi sangari nilipiga dawa ya kuua magugu ya glaifoseti mwezi wa saba, hasara tupu. Majani yalishakauka kwa baridi na jua, dawa itaingilia wapi? Inataka jani bichi linalokua ndio ishuke mzizini. Nilirudia mvua zilipokolea, sangari ikiwa imefika kama shibiri, hapo ikakubali, japo vichipukizi vilirudi na nikarudia tena. Soma lebo ujue ng'ombe wakae nje muda gani, na ukumbuke inaua na Rhodes yako pia.

Mafinga (mwenye mada)
Mama wa Tukuyu ndaga fijo, na wengine wote asanteni. Swali moja, eka moja yangu iko kwenye mteremko, nikiifukua yote Agosti si mvua za kwanza zitabeba udongo?

Wa Uyole
Usifukue yote kaka. Kata vipande vya kukingama mteremko, fukua kimoja, ruka kimoja, kilichorukwa ufanye mwaka unaofuata. Ila kwenye mpaka wa vipande chimba kamfereji na ukikague, sangari inatambaa chini kwa chini inarudi upande uliosafisha.

Mafinga (mwenye mada)
Sawa mkuu. Naanza na kipande cha juu karibu na banda, na ng'ombe nawafungia ndani wale majani ya kukata mpaka Rhodes zishike mizizi. Jembe la meno nimeshaagiza kwa fundi chuma, Jumamosi nalichukua.