Safari ya Dakota: kikundi cha Watoto wa Kota, Embakasi

IJUMAA

Rukia 19:02
Habari za jioni wote. Narudia kwa mara ya mwisho. Jamaa wa ndege pale uwanja wa Wilson, Nairobi, anataka jibu Jumatatu. Ni Dakota yenyewe ya zamani, ile DC-3, si ndege mpya iliyopakwa rangi. Wilson, Mombasa, Unguja. Tunalala siku tatu, tunarudi. Ni mwezi wa Julai. Nataka majina.

Rukia 19:03
MAJINA. Sio vidole gumba.

Otieno 19:20
👍

Rukia 19:20
Otieno!!

Otieno 19:24
Pole dada, mkono umezoea. Andika mimi na mama watoto. Ndani kuna chakula?

Fatma Maskati 19:41
Kwani hiyo bado inaruka? Si ndiyo ile baba alikuwa akisema ukiona injini haivuji oili ujue imekwisha?

Joyce 19:42
😂😂 Ndiyo hiyo hiyo

Rukia 19:45
Inaruka. Ya kwanza iliruka 1935 na mpaka leo ziko zinazofanya kazi. Juma, nakuona umesoma. Tiki za bluu hazidanganyi.

Rukia 19:52
Halafu mambo ya karatasi, nisije nikaulizwa tena. Wakenya, kitambulisho peke yake hakikuingizi Tanzania. Pasipoti. Na kadi ya homa ya manjano. Kila mtu atapimwa kilo yeye na mzigo wake.

Otieno 19:53
Kupimwa mbele ya watu?

Joyce 19:54
Leo ndiyo tutajua nani alimaliza lile sinia kwenye harusi ya Fatma

Fatma Maskati 19:55
Mpaka leo mama mkwe ananiuliza 😭

Otieno 19:55
Mimi nilikuwa kwenye spika

Joyce 19:56
Spika zilikuwa karibu na nini Otieno

Rukia 20:10
Mmemaliza? Kishika uchumba 20,000 za Kenya, kwa M-Pesa yangu. Namba mnayo.

JUMAMOSI

Juma Dar 06:11
Kwa M-Pesa yako. Kama zile za Tanga.

Rukia 07:30
Juma. Za Tanga zilizungumzwa msibani kwa Mama Halima, watu wakiwepo.

Juma Dar 07:31
Zilizungumzwa. Hazikurudishwa.

Rukia 07:34
Turubai tulilipia, mvua ikatufukuza, mwenye turubai akagoma kurudisha hela. Risiti nilimkabidhi marehemu kaka yako mkononi.

Juma Dar 07:35
Marehemu ndiye shahidi wako. Sawa.

Otieno 07:40
Samahani, kuna choo ndani?

Joyce 07:40
Otieno soma hali ya hewa

Fatma Maskati 08:15
Jamani asubuhi yote hii. Mimi natoka Maskati naja moja kwa moja Unguja. Naweza kupandia hapo mkirudi? Nafasi ipo?

Rukia 08:16
Viti 28. Tele.

Baba Halima Tanga 10:47
Mimi Baba Halima. Mjukuu ndiye anayeandika, ninasema yeye anabonyeza. Rukia mwanangu, 28 ni viti, sio watu. Wilson iko futi 5,500 juu ya bahari. Hewa yake nyepesi asubuhi, jua likipanda ndiyo inazidi. Kila injini ina silinda 14 lakini zisipopata hewa ya kutosha ni chuma kizito tu. Zote mbili zinakunywa karibu lita 350 kwa saa, na mpaka Unguja mtakaa hewani zaidi ya saa mbili, kusi likiwapiga usoni. Tena hainywi mafuta ya majeti, inataka petroli ya ndege. Umeuliza kama Unguja ipo? Isipokuwepo itabidi mwondoke na ya kurudia. Kila pipa moja mtakaloongeza, watu wawili wanabaki chini.

Joyce 10:49
Shikamoo baba

Fatma Maskati 10:49
Shikamoo baba 🙏

Rukia 10:50
Shikamoo baba. La petroli sikuuliza. Nampigia sasa hivi.

Otieno 10:52
Shikamoo mzee. Na choo?

Baba Halima Tanga 10:58
Marahaba wanangu. Otieno, choo kipo nyuma kabisa. Ndege hii ikiwa chini imekalia mkia. Kwenda kwa rubani unapanda mlima, kwenda chooni unateremka, kwa hiyo hutachelewa.

Otieno 10:59
🙌🙌🙌

Joyce 11:01
Baba, Kilimanjaro tutauona?

Baba Halima Tanga 11:06
Utakuona wewe. Ndani hakujazwi hewa kama ndege za sasa, rubani hatazidi sana futi 10,000. Mlima una 19,000 na ushei. Mtaupita ubavuni mkiinua shingo.

Baba Halima Tanga 11:09
Na mwambieni fundi wao asione uvivu kuzungusha panga za injini kwa mkono kabla ya kuwasha. Usiku oili hushukia silinda za chini. Ukiwasha hivyo hivyo unapinda konrodi, ule mkono wa pistoni. Tulikuwa tukizungusha mimi na babake Otieno, saa kumi na moja alfajiri, baridi ya Embakasi, huku tukihesabu kwa sauti.

Otieno 11:12
Hii sikuwahi kuambiwa

Baba Halima Tanga 11:31
Sasa nina neno. Mwaka 1977 Shirika letu la Ndege la Afrika Mashariki lilipokufa, mimi na Mama Halima tulipita Namanga kwa basi na masanduku mawili, tukijua ni wiki mbili tatu. Mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, ukaja kufunguliwa 1983. Sanduku langu la spana lilibaki karakana. Rukia umeniandikia nije kuwapokea Unguja, nile biriani, mpande zenu mrudi. Sitaki kupokea mtu. Nataka kupanda Unguja nishuke Nairobi. Ndege itoke Wilson nyepesi, alfajiri. Watu wapakiwe huku, usawa wa bahari, injini zina pumzi. Na la Tanga limalizwe kabla hujashika shilingi ya mtu. Nimemaliza.

JUMAPILI

Rukia 05:50
Nimeongea na jamaa. Ikija tupu tunailipia kama imejaa. Ya petroli anauliza Unguja, hajanipa jibu.

Otieno 08:02
Sasa sisi wa Nairobi tunafikaje huko

Juma Dar 08:03
Basi mpaka Dar, boti mpaka Unguja. Kama watu wengine.

Joyce 08:09
Mzee amesema nyepesi, hakusema tupu. Wakija wanane?

Otieno 08:10
Wanane wepesi. Mimi najitoa 😅

Rukia 08:20
Juma njoo pembeni.

Juma Dar 08:20
Sema hapa hapa.

Rukia 08:44
Zilikuwa 45,000. Natuma nusu sasa, nusu mwisho wa mwezi. Turubai au si turubai.

Juma Dar 09:15
Imeingia. Jina langu andika kwa penseli.

Rukia 09:16
Wa penseli silipii kiti.

Halima Toronto 15:38
Ndiyo naamka nakuta jumbe zaidi ya mia. BABA ANAPANDA NINI??

Halima Toronto 15:39
Ndege isiyojazwa hewa, na presha ile? Nani amemuuliza daktari? Rukia?

Rukia 15:40
Pokea simu Halima.

Baba Halima Tanga 15:52
Halima, wewe ulibebwa mgongoni Namanga. Nyamaza kidogo.

Otieno 16:05
Kwa hiyo kesho tunamjibu nini jamaa?

Joyce 17:20
Nani ana namba ya fundi bomba? Maji yamejaa jikoni