Tupeane uzoefu: ndinga yenye moto ambayo ndo hiyo hiyo unaenda nayo kazini kila siku

Mwanzisha mada, Dar

Wakuu habari za majukumu. Nina Premio tangu 2017, haijawahi kunilaza njiani hata siku moja, gari ya heshima kabisa na siisemi vibaya. Ila kila Desemba nikienda Mbeya kwa mama, ile ya kuoveteki lori ukiwa na familia na mizigo, unakanyaga mpaka mwisho, gari inalia tu haisogei, na mbele unaona basi linakuja, jamani nimechoka nayo. Nimejikusanya nataka gari yenye pickup ya kweli, yaani inayochomoka ukikanyaga. Lakini ndo hiyo hiyo ya kutoka Mbezi mpaka Posta asubuhi, kumshusha mtoto shule, kupita kwenye mashimo ya mtaani kwangu. Sina uwezo wa gari mbili.

Ninazoziwaza ni Subaru Legacy GT, Subaru Forester XT, Volkswagen Golf GTI na Toyota Mark X. Naomba waliomiliki, sio waliopanda ya mshkaji. Ulikaa nayo vipi, nini kilikutoka mfukoni, na je ungerudia?

Mdau wa Kimara

Mkuu hii naijibu kwa moyo maana Legacy GT ya 2006 (toleo la BP5) nimekaa nayo miaka minne, ile wagon ya gia 5 za oto, na nilikuwa naenda nayo mjini kila siku ya Mungu.

Nianze na utamu. Injini ni cc 1994 lakini ina tabo, ile feni inayozungushwa na moshi wa injini ili isukume hewa zaidi ndani, na inapokea moshi kwa njia mbili zilizotenganishwa, ndo maana inaamka mapema, mshale wa mizunguko ya injini ukifika 2000 tu tayari imekushika mgongo. Hiyo kwa mjini ndo kila kitu kaka, maana kuna gari ina hospawa nyingi kwenye karatasi ila mpaka uipeleke juu huko 6000 ndo inazitoa, sasa hapo Manzese 6000 unaipata wapi? Angalia nguvu inaanzia wapi, usiangalie inaishia wapi.

Sasa foleni. Kile kitundu kikubwa kwenye boneti watu wanadhani urembo, ile ni njia ya hewa ya kupoza intakula, yaani rejeta ya hewa inayotoka kwenye tabo, ambayo imelala juu ya injini. Ukisimama nusu saa jua la saa nane hewa haipiti, intakula inachemka kama sufuria, ukija kukanyaga gari nzito, inabidi itembee kidogo ndo irudi kwenye akili zake. Sio ugonjwa, ndivyo ilivyokaa.

Kilichonitoa hela ni matairi. Inavaa 215/45 inchi 17, ubavu wa tairi ni mwembamba, na barabara yangu ya kuingia nyumbani mvua za masika zilikuwa zimeichimba. Shimo moja likachana tairi ubavuni, nikanunua moja la mtumba saizi ile ile ila kampuni tofauti na vijino vyake bado virefu kuliko haya mengine matatu. Baada ya wiki chache kila nikikata kona kali kama ya kuingia parking naona gari inakaza, utadhani mtu kavuta handibreki. Fundi wa kwanza akataka tushushe gia boksi!! Fundi wa pili akapiga magoti akaangalia matairi tu akasema kaka hii gari inasukumwa na miguu yote minne muda wote, tairi moja likiwa na mzunguko mkubwa kuliko wenzake difu ya katikati inayogawa nguvu mbele na nyuma haipumziki hata ukiwa barabara iliyonyooka. Nikanunua mapya manne kwa mpigo, ikaacha. Kuanzia hapo nikajua tairi moja likipasuka kwenye gari hii hesabu manne, au utafute lililoisha sawa na hayo mengine.

Oili sintetiki kila kilomita 5,000 bila kujadiliana. Kijiti cha oili unachomoa kila ukijaza mafuta mara mbili. Na kuna kichujio kidogo ndani ya boliti ya bomba linalopeleka oili kwenye tabo, mafundi wengi hawakijui, kikiziba tabo inakauka inakufa. Mimi nilikifungua mwezi wa kwanza tu nikakuta kimeziba karibu nusu, aliyeniuzia alikuwa anachelewesha sana service. Mafuta mjini nilikuwa napata kilomita 6 na nusu mpaka 7 kwa lita, safari 10 na kitu. Ningerudia? Ndio, ila ningevaa rimu za 16 kama zingepita kwenye kaliipa za breki.

Mama wa watoto wawili, Arusha

Naomba nichangie na mimi kwa upande wa wazazi. Nilikuwa natamani Subaru WRX ile hatchback, nimeiwaza mwaka mzima, hela ninayo. Siku ya kuijaribu nikamwambia muuzaji twende mpaka kwangu. Kwangu getini kuna mfereji, bampa ya mbele ikagusa. Tukatoka tukarudi tena kwa mshazari, ikagusa tena. Nikafunga kiti cha mtoto nyuma ya kiti changu nikaona inabidi niendeshe magoti yamegusa usukani. Nilimshukuru yule kijana nikarudi nyumbani nimenyong'onyea kweli.

Nikachukua Forester XT ya 2009 (toleo la SH5). Injini ni ya ukoo ule ule wa Subaru wa cc 1994 wenye tabo lakini iko juu sentimita 20 na kitu kutoka chini, huo mfereji siku hizi siukumbuki hata kama upo. Gia zake ni nne tu, barabara kuu utaisikia inaunguruma kidogo na mafuta haibani, hilo lazima mtu ajue mapema asije akalaumu. Lakini mwanzisha mada umesema kuoveteki na hapo ndo nataka nikutie moyo. Njia ya Moshi nikiwa na watoto nyuma, lori mbele, nikiona kweupe nakanyaga nusu tu nimeshapita nimerudi upande wangu. Muda unaokaa upande wa wenzako unakuwa mfupi sana. Kwangu mimi hiyo ndo faida ya nguvu, sio kushindana. Maana tochi za trafiki za kupima spidi zipo, vijijini ni 50, na faini elfu 30 ni hela ya mafuta hiyo.

Kabla hujalipa mkuu nenda na hiyo gari getini kwako, kwenye matuta yako, kwenye parking ya ofisini kwako. Na mtoto awepo.

Mdau wa Nairobi

Mimi nina Golf GTI Mk5, ile ya kizazi cha tano, mwaka wa tano huu. Huku kwetu huwezi ingiza gari imepita miaka 8, kwa hivyo hizi ni za kununua kwa mtu, na hapo ndio kazi iko kwa sababu unanunua gari na tabia za mwenyewe.

Hii gari kwa town ni tamu sana. 200 hospawa si nyingi, lakini torque yote inakuja kwa 1800 na inakaa hapo mpaka 5000, so kwa jam ya Mombasa Road na ukitoka kwa roundabout unahisi iko tayari kila saa. Ndogo, parking rahisi, viti vinakushika vizuri.

Vitu viwili nilifanya kabla hata sijaosha gari. Kwanza oili ya gia boksi. Hii gia boksi ya oto ya gia 6, inaitwa DSG, klachi zake zinaogelea kwa oili na hiyo oili inabadilishwa kila kilomita 60,000, muuzaji hakuwa na risiti nikasema basi haijawahi fanywa. Usichanganye na zile Golf za 1.4 za gia 7, hizo klachi ni kavu, na jam ya kusonga kidogo kidogo inazichosha haraka. Pili kuna kikombe kidogo cha chuma katikati ya kemishafti (chuma kinachofungua valvu) na pampu ya mafuta ya presha kubwa. Kinalika polepole na hakipigi kelele. Kukibadilisha ni bei ya chini kabisa, ukikiacha kitoboke kinaingia kwa kemishafti na hapo utalia.

Ubaya wake mkubwa kwa barabara zetu ni urefu. Bumps za estate yetu nazipita kwa pembe kila siku. Na uwe na mekanika anayejua hizi gari, mwenye kompyuta ya kuzisoma, kama hakuna mtaani kwako tafadhali usinunue.

Mdau wa Dodoma

Mark X hapa. Haina tabo haina presha. Naenda Dar na kurudi mara mbili kwa mwezi, silinda 6, kimya, viti kama sebuleni, nyuma wazee wanalala.

Kitu kimoja watu hawakijui. Mark X ya kwanza GRX120 ya 2.5 ilitoka na hospawa 215 lakini Japani iliandikiwa petroli ya premium, ile ya okteni ya juu. Iliyofuata, GRX130, wakaishusha mpaka 203 na wakaitengeneza inywe petroli ya kawaida. Kwa hiyo ukiona namba imeshuka usidhani ni mbovu, kwa huku kwetu mimi naiona ndo nzuri zaidi. Subaru za tabo na GTI nazo ni za premium, ulizia hilo kwanza.

Inasukuma kwa nyuma, mvua ya kwanza ya Desemba lami ikiwa na vumbi na matairi yameisha utaiona inataka kugeuka yenyewe. Matairi mazuri ya nyuma usibanie. Mafuta mjini 8, safari 11.

Na ukiagiza, cc zikizidi 2000 ushuru wa bidhaa unatoka 5% unaenda 10%, halafu gari iliyozidi miaka 10 inaongezewa 30% ya uchakavu. Piga hesabu kwanza kwenye kikokotoo cha TRA ndo umlipe Mjapani.

Mdau wa Tabata

Toyota Altezza RS200, manyuo, gia za mkono. Miaka miwili. Gari nzuri kuliko zote nilizowahi kushika usukani, lakini mguu wa kushoto kwenye foleni ya Buguruni ulinishinda nikauza. Mwenye foleni achukue oto.

Mwanzisha mada

Aisee asanteni sana, hii ya kwenda na gari mpaka getini sikuwa nimeiwaza kabisa. GTI naitoa ingawa inaniuma, kwangu mashimo ni mengi na fundi wake yuko mbali. Mark X naiheshimu ila mfereji wa kwangu ni kama wa dada wa Arusha. Imebaki Legacy na XT. Nauliza, ukienda kuangalia gari ya tabo ya mtu unaangalia nini?

Fundi, Mwanza

Mdogo wangu, mwambie muuzaji asiiwashe asubuhi hiyo mpaka ufike. Gusa boneti, ikiwa ya moto geuka uondoke. Iwashe ikiwa baridi, simama nyuma, moshi wa bluu ni oili inaungua. Iendeshe nusu saa pamoja na foleni na AC imewaka, ukisimama fungua boneti bila kugusa kifuniko cha rejeta, angalia mtungi wa maji. Mapovu yanapanda mfululizo maana yake moto wa silinda unaingia kwenye maji, hiyo gasketi ya hedi, na Subaru ina hedi mbili, kazi yake mara mbili.

Kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, ipimwe silinda zote nne, zikaribiane. Taiming belti ya hizo injini inabadilishwa kwenye kilomita laki moja, hakuna risiti badilisha na wota pampu pamoja.

Nimefungua injini nyingi zilizotoboka pistoni, na nyingi zilikuwa zimewekwa eksozi kubwa na kichujio cha hewa cha wazi bila mtu kugusa programu ya kompyuta. Hewa inazidi, mafuta hayatoshi, pistoni zinaungua. Tafuta ambayo bado iko kama ilivyotoka kiwandani, hata kama rangi imepauka. Rangi tunapiga.

Mdau wa Maskati

Asalaam alaykum. Mie Mzanzibari niko huku Oman, pampu zina petroli ya okteni 91, 95 na 98 na barabara zimenyooka, nna Lexus IS 350 na hayaniwazishi kitu mafuta. Lakini nilipotaka kuipeleka Unguja kaka yangu alinizuia, usukani uko kushoto, ipo chini, na fundi wake ntampata wapi. Nikamnunulia yeye XT. Wallahi hajalalamika, na akiteremsha abiria Nungwi harudi kuikagua chini.

Mwanzisha mada

Basi wakuu. Jumamosi saa mbili naenda Tegeta kuiona XT SH5 ya 2010, nimeshamwambia mwenye gari asiiwashe, kacheka lakini kakubali. Haijaguswa eksozi, risiti za oili anazo za miaka mitatu, risiti ya taiming belti hana, kwa hiyo hiyo nimeitoa kwenye bei kabla sijaanza kuongea. Na amekubali tuende nayo mpaka kwangu Mbezi, mtoto atakuwepo na kiti chake.

Kinachonikwama ni kipimo cha kompresheni. Plagi za hizi injini ziko pembeni zinahitaji fundi mwenye subira. Kama kuna anayemjua mmoja maeneo ya Tegeta au Bunju anayeweza kuja saa nne na mashine yake, naomba anitumie ujumbe kabla ya Ijumaa usiku.