Kainusa, kacheka, kanirudishia

Wakuu nimetoka pale sasa hivi, hata koti sijavua. Jina sitaji, mnamjua, yule mwenye baa ya kijijini, ile yenye maboriti ya dari yanayogonga watu vichwa na mbwa kalala mbele ya moto. Tunaokaa huku Yorkshire nani hajapita pale?

Nimeagiza painti ya bia ya pipa, ile ya kuvutwa kwa pampu ya mkono. Kuonja tu, siki! Yaani unaipikia achari. Nikamwambia kwa adabu zote, bosi hii imechacha. Akaichukua glasi, akainusa, akacheka, akanirudishia. AKANIRUDISHIA. Eti ndivyo bia halisi ilivyo, hujazoea tu. Baa nzima inanikodolea, mpaka mbwa kanyanyua kichwa.

Sijazoea mimi? Mimi nimekulia Kibosho, bibi yangu kapika mbege maisha yake yote, ndizi nimemenya, ulezi nimeanika, pombe iliyochacha naijua hata nikiwa na mafua. Na bibi hajawahi kumpa mtu kata ya mbege iliyoharibika halafu akamcheka!

Bia ile ina hamira hai humo humo ndani ya pipa, ukishalifungua hewa inaingia na una kama siku tatu tu za kuiuza, sasa pipa la galoni 9 ni painti 72, yeye kafungulia pampu tano na Jumanne ana wateja sita, wawili wanakunywa soda, ataimaliza lini, Krismasi? Baa zinazojiheshimu ukirudisha wanakubadilishia kimya kimya na kile kibao cha jina kwenye pampu kinageuzwa kinyume ili asiuziwe mwingine. Yeye kainusa, kacheka, kanirudishia, halafu kageuka kamvutia mzee wa pembeni yangu ile ile!

Kipara Ngoto: Kwa hiyo uliinywa au?

Mleta uzi: Nimeiacha kaunta. Na hela hajarudisha.

Dada wa Leeds: Mkuu umetoka Kibosho mpaka Uingereza kunywa bia ya uvuguvugu halafu unatulilia sisi? Agiza laga baridi kama wenzio.

Mleta uzi: Siyo uvuguvugu, inatakiwa nyuzi 11 mpaka 13, ni ubaridi wa stoo ya chini. Shida ni kuchacha, na ile kunirudishia mbele za watu.

Chumvi Nyingi: Afadhali yako ni bia. Mimi nimeagiza pai ya nyama pale pale, nikaletewa bakuli la mchuzi limefunikwa manda juu. Chini hamna kitu, pembeni hamna kitu. Huo ni mchuzi umevaa kofia!!

Kipara Ngoto: 😂😂 mchuzi umevaa kofia

Mama Wawili: Nyie mmekula. Jumapili nimefika na watoto saa nane na nusu na dakika mbili, jiko limefungwa. Dakika mbili! Harufu ya rosti, ile nyama ya kuoka, inanipiga usoni, sahani ya meza ya jirani ina viazi vimekauka vizuri na ile pudingi ya Yorkshire, ya unga na mayai, si tamutamu, imetuna kama kikapu, mimi naambiwa kuna karanga za pakiti. Wanangu wamelia mpaka kituo cha basi.

Chumvi Nyingi: Ile pudingi naisamehea kila kitu.

Dada wa Leeds: Mchuzi unamwagia ndani ya pudingi au pembeni?

Mama Wawili: Ndani, wewe vipi.

Mzee wa Kata: Mnalia na pai, huku Moshi kata zimesinyaa, bei haijasinyaa. Siku hizi unaagiza kata unaletewa kijiko.

Mleta uzi: Jamani turudi kwenye mada. Mtu kainusa, kacheka…

Kipara Ngoto: Tumeshasikia mkuu. Mzee wa Kata, ni klabu gani hiyo, ile ya njia ya Kibosho?

Mzee wa Kata: Hiyo hiyo, mnamjua yule mama.

Chumvi Nyingi: Jumapili hii pale kijijini rosti ni ya kondoo au ng'ombe? Nataka niwahi.