Je, blanketi lisilopitisha maji humkinga farasi katika mvua ya siku nyingi?

Mfuga Farasi, Bamburi

Assalamu alaykum ndugu zangu. Nina farasi wawili ambao hubeba watalii ufukweni wakati wa kaskazi, na masika yanapoingia mmoja wao hulazimika kukaa uwanjani, kwa kuwa banda langu halitoshi wote wawili. Mwaka huu nilimnunulia blanketi la mtumba lililotoka Uingereza, lenye maandishi ya denia 1200, nikiamini kwamba kitambaa kizito kiasi hicho hakiwezi kupitisha tone. Siku ya kwanza ya mvua mgongo ulikuwa mkavu. Siku ya tatu, mvua ikiwa haijakatika tangu usiku wa kuamkia jana yake, niliingiza mkono chini ya blanketi nikakuta manyoya yamelowa kuanzia mabegani hadi kiunoni, yana joto na yananuka uvundo. Je, blanketi limevuja, au halikutengenezwa kwa mvua ya kwetu? Farasi huyu ni mzee na amenitumikia miaka mingi, kwa hiyo nawaomba mnijibu kwa mnachokijua hasa.

Saisi wa Zamani, Nyali

Waalaykum salaam, ndugu yangu. Denia haipimi uwezo wa kuzuia maji. Ni uzito wa uzi kwa gramu katika urefu wa mita 9,000, na hukuonyesha tu jinsi kitambaa kitakavyostahimili kuchanika kwenye miiba na misumari. Kinachozuia maji ni utando uliopakwa upande wa ndani, pamoja na namna mishono ilivyozibwa. Blanketi la mtumba huenda limefuliwa mara nyingi kwa sabuni ya unga na maji ya moto, na hivyo viwili huondoa dawa inayofanya matone yateleze juu ya kitambaa na kuuchosha utando wenyewe. Maji hupenya kwanza kwenye mshono unaopita juu ya uti wa mgongo, kwenye matundu ya sindano ya mikanda, na pale juu ya mabega ambapo uzito wote wa blanketi hulala. Ulijaribu bila farasi? Litandaze juu ya pipa, weka magazeti makavu chini yake, kisha liache kwenye mvua kwa saa kadhaa. Magazeti yatakujibu.

Mwenye Punda, Kisauni

Mimi nilimfunika punda wangu kwa turubai la plastiki usiku mmoja tu, na asubuhi nilimkuta amelowa jasho kuliko wenzake waliolala nje. Manyoya ya punda hayazuii maji kama ya farasi, kwa hiyo sikuona njia ila kumjengea paa.

Mhudumu wa Mifugo, Likoni

Ndugu wa Kisauni amegusa kiini cha jambo. Mablanketi mazuri hupitisha mvuke wa jasho kutoka ndani kwenda nje, lakini mvuke huo hutoka vizuri pale hewa ya nje inapokuwa baridi na kavu kuliko ile iliyo chini ya blanketi. Hapa Mombasa mwezi wa Mei, ambao ndio wenye mvua nyingi kuliko yote, hewa ya nje ni ya joto na imejaa unyevu, na kitambaa cha juu kikishalowa mvuke hukosa pa kupitia. Ndiyo maana ulikuta joto na uvundo, wakati maji ya mvua yaliyovuja kwa kawaida huwa ya baridi. Farasi mzima wa afya hustahimili baridi ya nyuzi 5 hivi, na usiku wetu ni nadra kushuka chini ya 20, kwa hiyo hakuna baridi ya kumfunikia. Hatari yetu ni ngozi kukaa na unyevu mfululizo, kwani hapo bakteria aitwaye Dermatophilus congolensis huzaliana na kuleta vigaga vinavyong'oka pamoja na manyoya. Mvue blanketi, mpapase mgongo wote kwa vidole, na ukikuta vigaga usivibandue kwa nguvu. Mwite daktari wa mifugo. Tena, farasi aliyeingia baharini asifunikwe kabla ya kuoshwa kwa maji baridi, kwa sababu chumvi huvuta unyevu na kuikera ngozi.

Mfuga Farasi, Bamburi

Nawashukuru sana. Nimefanya jaribio la magazeti tangu saa mbili asubuhi hadi adhuhuri: yamelowa mstari mmoja mwembamba chini ya mshono wa mgongo, na kwingine kote ni makavu. Kumbe sehemu kubwa ya maji yale ilikuwa jasho lake mwenyewe. Nimempapasa, na nimekuta vigaga vitatu vidogo karibu na kiuno. Daktari anakuja kesho. Fundi wa makuti naye ameshapima nafasi ya kuongeza banda, na tumekubaliana kuziba upande wa kusini-mashariki pekee, unakotoka upepo wa kusi na mvua yake, ili pande nyingine zipitishe hewa.